Kompyuta ya Zamu na Kompyuta ya Mwenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani aliweza kuitumia kompyuta bila hata kuisogelea. Alitoboa programu yake kwenye kadi, akakabidhi bunda lake dirishani, akaenda zake. Majibu yalitoka saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake. Koma moja ikikosewa, kazi inaanza upya: kadi, dirisha, kungoja. Mashine iligharimu mamilioni ya dola, kwa hiyo wakubwa waliona ni haki binadamu aingojee, si yenyewe imngojee binadamu.

John McCarthy hakukubaliana na hesabu hiyo. Januari 1959 aliandika waraka hapo MIT akipendekeza watu wengi wahudumiwe na kompyuta moja kwa zamu fupi mno, kila mtu akiwa mbele ya taipu yake. Huyu akisita kufikiri, mashine iko kwa mwenzake, na akirudi kuchapa anaikuta inamsubiri. Mwaka huohuo Mwingereza Christopher Strachey aliwasilisha wazo la jamii hiyo mjini Paris. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT wakaonyesha mfumo wao, CTSS, ukifanya kazi. Baadaye uliwamudu watumiaji wapatao 30 kwa wakati mmoja.

Ujirani huo ulikuja na kero zake. Kila mtu alitaka faili zake zisiguswe, basi CTSS ikawa miongoni mwa mifumo ya kwanza kudai nywila. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyeona saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine imchapie faili la nywila za wote, nayo ikatii. Mwaka 1966 ikawa kichekesho zaidi: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa pamoja, mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya nywila, na mafaili yao ya muda yakabadilishana. Kila aliyeingia alikaribishwa na nywila za watumiaji wote.

Kwangu mimi, hatua kubwa kuliko zote ilipigwa katika chuo cha Dartmouth. Walimu wa hapo, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka hata mwanafunzi wa fasihi aitumie kompyuta, na bure, kama anavyoingia maktaba. Alfajiri ya 1 Mei 1964 programu za kwanza za BASIC, lugha waliyoibuni kwa ajili hiyo, zilitoa majibu kwenye taipu. Amri zake, kama PRINT na GOTO, zilijifunzika kwa saa chache tu.

Kinachosahaulika ni kwamba hamu ya kumiliki kompyuta ilikuzwa na mashine hizo za zamu. Aliyekwisha kuonja kujibiwa papo hapo hakuweza tena kuvumilia foleni, mgao wa saa, wala bili. Huko Seattle, wanafunzi Bill Gates na Paul Allen walijifunzia kwenye taipu ya shule iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali, kwa fedha za mnada wa kina mama wa shule, na saa zilizolipiwa ziliisha upesi.

Januari 1975 jarida la Popular Electronics likatangaza Altair 8800: vipande vya kujiungia mwenyewe kwa dola 397, kumbukumbu ya baiti 256, bila kibodi wala skrini. Ilikuwa duni mno ukiilinganisha na mashine ya Dartmouth, ila ilikuwa yako. Gates na Allen waliiandikia BASIC kabla hawajaiona, wakitumia kompyuta ya zamu ya Harvard iliyofundishwa kujifanya Altair.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: Apple II mwaka 1977, programu ya VisiCalc iliyowavuta wahasibu mwaka 1979, IBM PC mwaka 1981. Vyumba vya taipu vikafungwa, na ilionekana shauri limekwisha. Lakini McCarthy alikwisha kusema mwaka 1961 kwamba siku moja huduma ya kompyuta ingeuzwa kama ya simu. Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha kompyuta zake kwa senti 10 za dola kwa saa, wateja waliziagiza wakiwa wameketi mbele ya kompyuta zao wenyewe.