Nani alipita na wembe?

Leo naleta historia, ila si ile ya Mkutano wa Berlin mliyoizoea.

Juzi nilikuwa maktaba natafuta picha za mimea kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Nikakuta kitabu kikuukuu cha maua, kizito kama tofali. Kukifungua tu, jamani! Maelezo yapo, picha hakuna. Kuna mtu alipita na wembe.

Kumbe hiyo ni biashara kongwe. Vitabu vya maua vya karne ya 18 na 19 vinasakwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na wapo wauzaji wanaonunua kitabu kizima, wanakikatakata, wanauza picha mojamoja za kutundika ukutani. Hesabu tu: vipande vinaweza kuleta hela kuliko kitabu.

Na picha zenyewe si mchezo. Chukua Botanical Magazine, jarida aliloanzisha William Curtis huko London mwaka 1787. Kabla ya hapo alikuwa ametoa Flora Londinensis, kuhusu mimea inayojiotea London, ikamtia hasara. Wenye pesa walitaka maua ya kigeni ya bustani zao, nani anunue picha za magugu ya nyumbani? Curtis akabadili gia, akaleta hayo maua ya kigeni, jarida likalipa na mpaka leo lipo. Michoro ilichapwa bila rangi, kisha watu wakaipaka kwa mkono, nakala baada ya nakala, mpaka mwaka 1948. Zaidi ya miaka 160 ya brashi!

Sasa hapa ndipo linaponigusa mimi mtoto wa Muheza. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau huku Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina, Saintpaulia ionantha, yaani jina la ofisa. Mwaka 1895 likatokea kwenye jarida la Curtis. Leo liko madirishani dunia nzima, wakati huku kwetu misitu yake inazidi kukatwa.

Ila kila picha ya jarida lile ilikuwa na maelezo yake: mmea umetoka wapi, nani kaupeleka. Ukikata picha ukaitia fremu, mnunuzi anapata ua zuri, Usambara inabaki kwenye makaratasi ya kutupwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kitabu nilimpelekea mkutubi. Akahesabu mabaki ya kurasa kimya kimya, akakiweka nyuma ya kaunta.

Nikatoka nimenuna, halafu nikakumbuka kidato cha tano. Ramani ya Afrika Mashariki, atlasi ya shule, wembe wangu mwenyewe. Bado ninayo nyumbani kwenye tranka. Likizo hii nitairudisha, ila sijui kwa mwalimu nitaanzia wapi.