Wachache Wasikilizwe

Wahenga walituachia neno: wengi wape. Neno hilo lina busara, maana usipowapa watajichukulia. Lakini katika historia ya nchi yetu kuna wakati ambapo wengi walisema hili, wachache wakasema lile, na mwishowe yakafuatwa ya wachache, tena kwa amani. Habari hiyo inatufundisha kazi ya majadiliano ya hadhara katika demokrasia.

Tuanze nyuma kidogo. Januari 1964 Rais Julius Nyerere aliunda tume, ikaongozwa na Rashidi Kawawa. Tume ilipokea maoni ya wananchi, lakini kuwepo kwa chama kimoja kulikuwa kumekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni kuulizana mfumo huo uwe wa namna gani. Mwalimu aliamini kwamba demokrasia ya Kiafrika ni ile ya wazee kukaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Kazi ya tume ile haikuwa bure. Katika uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa chama kimoja walipambana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, na hata baadhi ya mawaziri wakaangushwa. Hata hivyo, sisi walimu tunajua kwamba swali ambalo jibu lake limekwisha kuandikwa ubaoni si swali kamili.

Mwaka 1990, tawala za chama kimoja zilipokuwa zimeanguka Ulaya ya Mashariki, Mwalimu mwenyewe alisema kwamba hata huku kwetu mfumo huo ujadiliwe. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi akaunda tume nyingine chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Safari hii mlango uliachwa wazi: chama kimoja au vyama vingi? Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Kati ya kila 100, karibu 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu 20 tu walitaka vyama vingi.

Kama kazi ya tume ingekuwa kuhesabu vichwa, shauri lingeishia hapo. Lakini tume ilisikiliza pia sababu. Wengi kati ya wale 80 walitaka chama kimoja kilichorekebishwa sana, na marekebisho waliyoyadai yalikuwa magumu kupatikana bila chama kingine cha kukikosoa kile kinachotawala. Aidha, watu 20 katika kila 100 si wa kupuuzwa. Ukiwaziba midomo leo, kesho watatafuta njia nyingine ya kusema. Tume ikapendekeza vyama vingi. Februari 1992 Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ukakubali, na Julai 1992 mfumo mpya ukaanza kisheria.

Yupo atakayeuliza: je, huko si kuwapuuza wengi? Swali hilo ni la haki, na hatari yake ni ya kweli, kwani mtawala yeyote anaweza kujidai kwamba anawajulia watu yaliyo mema kwao. Kinga yake ni uwazi. Hesabu ya maoni ilitangazwa, sababu zikaelezwa, na hakuna aliyenyang'anywa chama chake. Aliyependa CCM aliendelea nayo, na katika uchaguzi wa 1995 ikashinda.

Lakini tume hiyo hiyo ilitaja pia sheria zipatazo 40 zilizobana haki za raia, ikataka zifutwe au zirekebishwe, na ikashauri tuandike katiba mpya. Hayo hayakwenda kwa kasi ile ya kusajili vyama. Mjadala wa katiba ulirudi mwaka 2012 chini ya Jaji Joseph Warioba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Kwa hiyo tusidhani kwamba wingi wa vyama ndio majadiliano yenyewe. Vyama ni viti tu vya barazani. Majadiliano ni pale mwenye nguvu anapouliza swali ambalo hajalijibu moyoni mwake, na mnyonge anapojibu bila kutazama nyuma. Wengi tuwape, ndiyo. Lakini kwanza wachache wasikilizwe.