Udi na kanuni safarini: Yampasayo mwanamuziki kabla ya kupanda ndege

MWANAMUZIKI anayeondoka Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akiwa amekumbatia udi wake, hupita vichochoro, akavuka Makupa na kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Port Reitz. Hadi hapo udi bado ni udi. Mbele ya kaunta ya shirika la ndege hugeuka kuwa kilo na sentimita.

Wakongwe wa taarab hawakukabiliwa na mtihani huu. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, walisafiri kwa meli. Leo safari hiyo ni ya saa chache tu, lakini nafasi ya mzigo imekuwa finyu mno, na ala za pwani zina maumbo ambayo waliounda ndege hawakuyafikiria.

Tuanze na vipimo. Mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na mkoba mmoja wenye urefu wa takriban sentimita 55 na uzani wa kati ya kilo 7 na 12. Fidla ndani ya kasha lake hukaribia sentimita 80, ila kwa kuwa ni nyembamba, aghalabu huruhusiwa. Udi una takriban urefu huo huo, lakini tumbo lake nene halitoshei katika makabati ya juu ya ndege ndogo zinazohudumia safari fupi. Kanuni (hapa tunaizungumzia ala, si sheria) hukaribia urefu wa mita moja. Taishokoto, iliyopata umaarufu katika taarab ya Mombasa, ni nyepesi na haimsumbui mwenyewe sana.

Ala ikishindwa kuingia ndani, husafiri chini pamoja na masanduku. Huko kikomo cha kawaida ni kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Kanuni iliyotiwa katika sanduku gumu huukaribia ukomo huo, na kinanda kirefu cha umeme huupita. Mzigo unaozidi kilo 32 kwa kawaida haupokewi kabisa kama mzigo wa abiria, kwa ajili ya usalama wa wapagazi. Husafirishwa kama shehena. Ndiyo sababu vikundi vyenye besi kubwa ya kusimama, ambayo hukaribia mita 1.8, mara nyingi huona afadhali kukodi nyingine huko waendako.

Njia ya tatu ni kuinunulia ala kiti. Wapiga cello duniani wamezoea hivyo: ala hukaa karibu na dirisha, ikafungwa mkanda, mbali na safu ya mlango wa dharura. Ni njia salama, ila kwa kikundi cha harusi chenye watu 8 gharama yake ni ndoto. Isitoshe, kiti hicho hakinunuliwi vivi hivi kwenye mtandao. Sharti shirika liarifiwe mapema.

Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2012, na ambayo masharti yake yalianza kutumika mwaka 2015, huyalazimu mashirika ya huko kuiruhusu ala ndogo ndani ya ndege iwapo nafasi ipo wakati wa kupanda. Abiria wa Mombasa anayebadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Doha hutegemea mkataba wa tiketi yake. Ruhusa ya mdomo aliyopewa na karani wa Port Reitz haimfungi karani wa uwanja wa pili. Heri idhini iwe ya maandishi, na itaje kila ndege iliyomo katika safari.

Hata idhini huweza kutenguliwa. Mnamo Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kutangaza kwamba wamezima njama ya kulipua ndege, mizigo ya mkononi ilipigwa marufuku kwa ghafla katika viwanja vya nchi hiyo. Wanamuziki walilazimika kuchagua kati ya kuzitia ala zao shimoni mwa ndege na kuahirisha maonyesho. Masharti hayo yalilegezwa mwezi uliofuata.

Baada ya vipimo huja jambo ambalo wengi hulisahau: ala imetengenezwa kwa nini? Pembe ya ndovu imo katika orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES tangu 1990. Siwa ya pembe ya Pate, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, imo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na haina safari. Lakini kipande kidogo tu cha pembe kwenye upinde wa fidla kuukuu chatosha kuzua balaa. Mwaka 2014, Okestra ya Tamasha ya Budapest ilinyang'anywa pinde kadhaa jijini New York kwa shaka ya namna hiyo. Ngozi ya kenge, ambayo huwambwa engalabi ya Buganda, nayo inadhibitiwa. Kwa Kenya, vibali hivi huombwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kuhusu mpingo na jamii zake, mambo yamepoa. Miti hiyo iliwekewa udhibiti mwaka 2017, wanamuziki wakalalamika, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa sharti hilo.

Ngozi mbichi ni hatari ya aina nyingine. Mwaka 2006, mpiga ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta kutokana na ngozi za wanyama alizokuwa akizitengeneza. Tangu hapo maafisa wa afya ya mifugo hawana mzaha na ngoma yenye manyoya. Filimbi za mwanzi na matete pia hutiliwa shaka kama mazao ya shamba.

Je, ala ikivunjika? Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, fidia ya mzigo ina kikomo. Tangu Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519, yaani takriban dola 2,000 za Marekani, kwa kila abiria. Udi wa fundi stadi huweza kuzidi thamani hiyo kwa urahisi, na ule uliorithiwa hauna bei. Abiria anaweza kutangaza thamani kubwa zaidi anapoukabidhi mzigo, akalipa nyongeza. Ni haki ambayo wachache huitumia. Malalamiko ya kuharibika kwa mzigo lazima yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Picha zilizopigwa kabla ya safari husaidia sana.

Kwa maoni yetu, adui mkubwa kuliko wapagazi ni hewa. Mombasa ni mji wa unyevu. Ndani ya ndege unyevu hushuka chini ya asilimia 20, na majira ya baridi Ulaya vyumba vyenye joto la mashine huwa vikavu vivyo hivyo. Mbao zilizozoea pwani hukauka, hujikunja, kisha hupasuka. Ushauri wa kulegeza nyuzi zote hutolewa ovyo ovyo. Kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70 ikilegezwa kabisa, daraja lake huweza kuhama juu ya ngozi, na kuirudisha sauti ni kazi ya saa kadhaa. Yatosha kushusha sauti kiasi.

Kwa safari za karibu, ndege si lazima. Wapo wanaokwenda Unguja kwa basi kupitia Lungalunga na Tanga hadi Dar es Salaam, kisha wakapanda boti. Na anayesafiri ng'ambo kupitia Nairobi anaweza kutumia garimoshi la SGR kutoka Miritini, lililoanza mwaka 2017, akaiepuka angalau ndege moja. Afikapo, kasha liachwe limefungwa kwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, ili mbao zizoee hewa ya ugenini taratibu.