Chakula cha Njiani na Swali la Asili

Mwaka 1990, katika jumba la sanaa la Paula Allen mjini New York, msanii Rirkrit Tiravanija aliwapikia wageni wake pad thai, tambi zinazouzwa njiani nchini Thailandi, akawagawia bure. Upishi na ulaji ndio uliokuwa sanaa yenyewe. Ni rahisi kukiona kitendo hicho kuwa ni utamaduni halisi wa Kithai uliohamishiwa ugenini. Historia ya chakula hicho yaipinga tafsiri hiyo.

Jina lake kamili ni kuaitiao phat thai. Kuaitiao, yaani tambi za mchele, ni neno lenye asili ya Kichina. Phat ni kukaanga. Thai ni jina la taifa. Yafaa tujiulize: chakula cha nyumbani chahitajije kutajiwa taifa lake? Jibu limo katika siasa. Mwaka 1939 serikali ya Phibunsongkhram ililibadili jina la nchi, Siam ikawa Thailandi. Na katika kampeni zake za utaifa iliwahimiza wananchi kula na kuuza tambi. Msanii naye, mwana wa mwanadiplomasia wa Kithai, alizaliwa Buenos Aires mwaka 1961.

Hoja hii yatuhusu sisi wanaisimu. Wapo wanaotaka Kiswahili kisafishwe maneno ya kigeni. Lakini chapati, neno na chakula, vilitoka Bara Hindi, na leo vimo jikoni mwetu. Asili ya neno hutuonyesha lilikotoka. Kuamua ni la nani ni kazi ya watumiaji wake.