Rovu Si la Watu wa Bara Peke Yao

Bi harusi akivishwa kidani, macho yote huenda shingoni. Pengine ndiyo maana rovu, yaani kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya koo, limesemwa zaidi kwa aibu kuliko kwa elimu.

Sisi wa visiwani tulilihesabu ugonjwa wa mbali, wa milimani kama Nyakahanga huko Karagwe, ambako misafara ya pwani ya karne ya 19 ilifika ikaweka kituo Kafuro. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Tezi hutengeneza homoni kwa madini joto. Yakipungua, huvimba ikijitahidi kuyanasa. Mvua za milimani huyaosha udongoni, na ndizi haiwezi kutoa kisichokuwemo ardhini. Samaki wa bahari anayo, lakini atafikaje Karagwe?

Bara walilishughulikia. Miaka ya 1980, karibu robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu. Wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa kapsuli za mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kufikia 2004 kiwango kilishuka hadi asilimia 7.

Na sisi? Tulitazama bahari yetu tukajiona tumesalimika. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta rovu kwa asilimia 21 ya watoto wa shule Unguja, na asilimia 32 Pemba. Kwa Pemba, nyumba zilizokuwa na chumvi ya madini joto zilikuwa kama 1 tu katika kila 100. Chumvi ya maji ya bahari yaliyokaushwa juani, ile tuliyoiamini, hubaki na madini hayo kidogo mno.

Bi harusi, jambo hili linakugusa mapema kuliko unavyodhani. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, badala ya 150 za kawaida, na ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama tangu wiki za mwanzo, pengine kabla hata hajajijua. Ukiona uvimbe, usijitibu kwa chumvi: mwingine ni vinundu, mwingine ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Daktari ataushika, na damu ipimwe.

Linalotusikitisha zaidi ni mwani. Tangu 1989 wanawake wa Paje na Jambiani, na baadaye wa Pemba, wamesimama majini wakiufunga kwenye kamba. Mwani una madini joto. Magunia yakasafirishwa ng'ambo, na jikoni ikabaki chumvi tupu.