Somo la Leo: Mikono Hujifunza kwa Kurudia

Ndugu wanafunzi wa Kabanga, hospitali yenu mnaijua, na wodi ya wazazi mnaijua. Sikilizeni habari hii.

Mtoto akizaliwa asipumue, hukaushwa na kusuguliwa mgongoni. Bado hapumui? Mkunga au daktari humpulizia hewa kwa mfuko maalum, kabla dakika moja haijaisha.

Kazi hiyo haisomwi kitabuni tu. Mwaka 2009 hospitali 8 za Tanzania zilianza kuwafundisha wakunga na madaktari kwa mwanasesere. Vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua karibu nusu.

Lakini huko Haydom, Mkoa wa Manyara, lilionekana jambo. Mwaka 2010 wafanyakazi walifundishwa siku moja, wengi wakafaulu mtihani wa mwanasesere. Walipofika kwa mtoto halisi, walifanya kama zamani. Basi mwaka 2011 wakaanza mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, humo humo wodini. Vifo vikapungua.

Nanyi vivyo hivyo: herufi iliyoandikwa siku moja tu hupotea. Haba na haba hujaza kibaba.

Swali: Kwa nini siku moja haikutosha?