Neno la Kuachia

Nina alama nne kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Nilizipata nikiwa na miaka tisa, siku niliyoongozana na mama kuuza mayai nyumba kwa nyumba huko Arusha. Geti lenye kibao cha MBWA MKALI lilikuwa limeachwa wazi. Mbwa alikuja kimya, bila hata kubweka. Ninachokumbuka kuliko maumivu ni askari wa getini, mtu mzima, akipiga kelele: "Simba! Simba! Simba!" Mbwa alilijua jina lake. Kila alipoitwa sikio moja lilicheza, lakini meno hayakuachia. Mama alimbamiza trei nzima ya mayai usoni, na ni hapo tu aliponiachia, ili apate kulamba.

Miaka kumi na mitano baadaye nilikuwa nasoma Ujerumani, na mwenzangu wa nyumba alikuwa mwanachama wa klabu ya mbwa. Alinialika uwanjani Jumamosi moja. Nilikataa mara tatu. Ya nne nikaona aibu.

Uwanjani kulikuwa na vibanda sita vya turubai, na ndani ya cha mwisho alijificha mtu aliyevaa mkono mnene wa katani. Mbwa alitumwa akapekua vibanda kimoja kimoja. Alipomkuta yule mtu nilifumba macho. Nilipofumbua, mbwa alikuwa amesimama kama shubiri moja kutoka magotini pake, anabweka kwa mapigo kama ngoma. Hakumgusa. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba mtu akitulia, mbwa haruhusiwi kuuma. Akiuma anakatwa alama. Kisha yule mtu akakimbia, na hapo mbwa akaruka na kuukamata mkono wa katani. Mtu akasimama tuli. "Aus!" akasema mwenye mbwa. Taya zikafunguka. Mbwa akabaki pale pale, anamlinda kwa macho.

Niliuliza neno lile lina maana gani. Yaani "achia", akanijibu, kana kwamba ni jambo la kawaida tu.

Nilianza kusoma habari zake usiku ule ule. Mtihani niliouona una mizizi ya zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1899, Max von Stephanitz, kapteni mstaafu wa askari wapanda farasi, alimnunua mbwa aliyeitwa Horand na mwezi huo huo akaasisi chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani. Alikuwa na hofu moja: viwanda vinakua, makundi ya kondoo yanapungua, na mbwa asiye na kazi atageuzwa pambo. Basi akataka mbwa wapimwe kwa kazi, si kwa sura. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukazaliwa mtihani wa Schutzhund, maana yake mbwa mlinzi: kunusa nyayo, utii, na ulinzi, kila sehemu alama 100. Kuuma kulikuwa swali ndani ya mtihani. Je, mbwa huyu ana ujasiri? Na akiwa amepandwa na hasira, bado anamsikia mtu?

Polisi nao walikuwa njiani. Mwaka huo huo wa 1899, mji wa Ghent huko Ubelgiji uliwaingiza mbwa kwenye doria za usiku. Huko Saarbrücken, afisa wa polisi Konrad Most alianza kuwafundisha mbwa wa kazi mwaka 1906, na kitabu chake cha 1910 kikawafundisha wakufunzi wa vizazi vilivyofuata (kwa mkono mzito, lazima niseme). Uholanzi haikuona haja ya kutenganisha mchezo na kazi. Chama cha KNPV kilichoanzishwa 1907 hadi leo kina wanachama raia wanaofundisha mbwa jioni baada ya kazi zao, na wengi wa mbwa hao huuzwa kwa polisi wa nchi mbalimbali.

Lakini mbwa aliyehitimu michezoni anaweza kuwashangaza polisi. Siku ile, baada ya zoezi, yule mtu aliuvua mkono wa katani na mbwa akaondoka nao mdomoni, kichwa juu, kama paka aliyeiba samaki. Ule ndio ushindi wake. Mpeleke mbwa wa namna hiyo kwa mwizi aliyevaa fulana tu, huenda akasita, akitafuta mkono wa katani uko wapi. Kwa hiyo wakufunzi wa polisi huficha kinga ndani ya koti la kawaida, au humfunga mbwa kifungio cha mdomo na kumwacha apambane kwa mwili, ajifunze kwamba windo ni mtu mwenyewe.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikautazama mkono wangu.

Idara nyingi za polisi Marekani huwafundisha mbwa wao kumtafuta mtu, kumuuma na kumshikilia hadi askari afike. Watetezi wa njia hiyo husema mbwa anayesimama kubweka mbele ya mwenye bunduki anampa nafasi ya kufyatua. Hoja hiyo ina uzito. Ila si kila aliyejificha ana bunduki, na aliyeumwa hana katani. Mtu wa uwanjani anajua siri: ukitulia, mdomo utafunguka. Mwili usiojua siri hiyo huvuta, hupiga, hupiga mayowe. Kwa mbwa, hayo ni mapambano, hivyo huzidi kukaza. Kwa askari, hayo ni ukaidi, hivyo hachelei kuchelewesha amri.

Na kuna pahali ambapo amri ya kuachia haikuwa shabaha kabisa. Mei 1963, huko Birmingham, Alabama, polisi waliwaelekeza mbwa kwa waandamanaji weusi, wengi wao wanafunzi. Picha ya kijana akivutwa sweta na askari huku mbwa akimrukia tumboni ilizunguka dunia. Hakuna aliyekuwa anakimbia baada ya kuiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mashtaka mengi, polisi wa Los Angeles waliamua mbwa wao watafute na kubweka kwanza, na idadi ya walioumwa ikashuka sana. Yaani walirudi kwenye kile kibanda cha turubai.

Mwezi uliofuata nilirudi klabuni, nikaomba nivalishwe mkono wa katani. Walicheka, kisha wakamleta jike mmoja mzee, mtulivu, mwenye mvi mdomoni. Mkufunzi alisimama kando yangu. Nilichagua mkono wa kushoto. Alipouma nilisikia uzito kwanza, kisha joto likipenya katani, na mwili wangu wote ukataka kuvuta. Magoti yalitetemeka. Nikatulia.

"Aus," akasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Jioni nilimpigia mama, nikamsimulia. Alikaa kimya kidogo.

"Kumbe lilikuwepo neno," akasema. "Na yule askari wa watu hawakumfundisha?"